Mteja kaandika swali lake Google, video yako ndo iwe jibu

Kila nikikutana na mfanyabiashara mdogo mwenye simu nzuri swali ni lilelile, dada nifanyeje video zangu zitrendi. Na mimi namrudisha nyuma kidogo, wewe unauza nini, na mtu anayekitaka hicho unachouza akiwa amekaa kwake usiku anaandika maneno gani kwenye simu? Wengi hapo wananyamaza. Wamewaza watu wengi waone, hawajawaza nani anatafuta.

Kwangu mimi video za biashara ziko mbili tu, kuna video inayopita na kuna video inayotafutwa. Inayopita inamkuta mtu anaperuzi, hana mpango wa kununua chochote, anacheka, analaiki, anaendelea na yake. Inayotafutwa ni pale mtu ameandika kwa vidole vyake mwenyewe "bei ya kitanda cha mninga 5 kwa 6" na video yako ikatokea mbele yake. Huyu wa pili hela anayo mfukoni au iko njiani, labda anaoa, labda kahamia nyumba mpya, labda godoro limefika kabla ya kitanda. Wachache wa namna hiyo wanamfaa fundi kuliko umati uliocheka ukapita, na hilo nalisema kwa sababu naliona kila siku kwenye karakana ya kaka yangu pale Keko ambako mimi ndo nashika mambo yote ya mtandaoni.

Keko kwa asiyejua ni kule Dar ambako ukitaka kitanda, kabati, makochi au meza ya chakula watu wanakuelekeza moja kwa moja, mafundi wako wengi, karakana zimebanana na bidhaa zimepangwa hadi barabarani. Sasa mteja akifika pale anaona vitanda ishirini vyote vinang'aa vanishi, vyote rangi moja, kila muuzaji anaapa ni mninga mtupu, na bei zinapishana kwa kiasi cha kumtia mtu wasiwasi. Picha haimsaidii kitu hapo kwa sababu kwenye picha paina iliyopakwa rangi na mninga wenyewe vinafanana kabisa. Video inasaidia, maana unaweza kukigeuza kitanda chali, ukaonyesha mbao upande ambao haujapakwa rangi, ukaonyesha maungio, ukagonga chaga mtu akasikia zilivyokaza. Ndo maana nawaambia mafundi video kwao ina kazi kubwa kuliko hata kwa muuza nguo.

Na kwanini nasisitiza YouTube wakati kila mtu yuko TikTok na Instagram? Kwanza sisemi uache huko, sisi pia tuko huko. Ila YouTube ni mali ya Google tangu 2006 walipoinunua kwa dola bilioni 1.65, na mtu akigugo kitu video za YouTube zinatokea hapohapo kwenye majibu, hata kama hakuwa na mpango wa kuangalia video. Pili ni maisha ya video yenyewe. Stetasi ya WhatsApp inaondoka baada ya saa 24, posti ya Instagram ikishashuka chini ni nadra mtu kuifukua, lakini video iliyojibu swali la kweli YouTube inaendelea kuletewa watu mwaka mzima na zaidi bila wewe kuigusa. Sisi kuna wateja wanapiga simu leo wanaanza na "nimeona video yenu", ukiuliza ipi wanataja ya zamani kabisa.

Sasa tuje kwenye maneno, maana hapa ndo kazi yenyewe ilipo na hapa ndo watu wanaparuka haraka wakimbilie kamera. Kabla hujarekodi chochote fungua YouTube, andika neno moja la biashara yako, "kitanda" kwa mfano, usibonyeze kutafuta, subiri uone yenyewe inakumalizia vipi. Yale maneno yanayojitokeza chini ni vitu watu wanavyovitafuta kweli. Fanya hivyohivyo Google. Kuna na Google Trends ambayo ni bure, unachagua nchi yako unalinganisha maneno mawili uone lipi linaandikwa zaidi, japo kwa maneno madogomadogo ya mtaani mara nyingine inakwambia data haitoshi. Usikate tamaa hapo, hazina kubwa unayo tayari kwenye WhatsApp ya biashara. Kaa chini jioni moja, pitia meseji za wateja za miezi iliyopita, nakili maswali yao jinsi walivyoyaandika na makosa yao humohumo. Utashangaa maswali yanajirudia. Kwetu sisi yalikuwa haya haya: hii ni mninga kweli? godoro la futi tano kwa sita linaingia? mnaleta hadi mikoani? mbao haitaliwa na wadudu? mnachukua kianzio kiasi gani? Kila moja hapo ni video.

Kiswahili chetu kina jambo lake kwenye kutafuta. Neno letu linabadilika mbele, kitanda vitanda, kochi makochi, mlango milango, na mtu mmoja anaandika umoja mwingine wingi, kwahiyo mimi kwenye maelezo ya video nahakikisha yote mawili yamo, kwa sentensi za kawaida, sio kuyapanga kama orodha. Vipimo navyo ni hivyohivyo, kuna anayeandika 5x6, kuna 5 kwa 6, kuna futi tano kwa sita. Halafu wabongo tunachanganya, "sofa set bei Dar", "dressing table ya kisasa", huwezi kumlazimisha mteja aandike meza ya kujipambia wakati yeye hajawahi kuiita hivyo maishani mwake. Andika anavyosema yeye. Na tangu 2017 Google wameingiza Kiswahili kwenye kuandika kwa sauti, kuna watu hawaandiki kabisa, mama anashika simu anaongea sentensi nzima, "nataka fundi wa kabati za jikoni aliye karibu na Mbagala". Sentensi ndefu ya namna hiyo ukiwa nayo kama kichwa cha video wanaokushindania ni wachache mno. Kwenye Kiswahili bado kuna maswali mengi ya biashara ambayo ukiyatafuta unapata majibu ya Kiingereza ya nchi nyingine, yanazungumzia mbao ambazo huku hazipo na bei kwa dola, yaani nafasi iko wazi hiyo na inaniuma kuiona imekaa bure.

Ngoja nieleze video moja tuliyoitengeneza, ya kutambua mninga, maana ndo imetupa wateja wengi na ndo inaonyesha ninachokisema. Kaka hakuuza kitu kwenye hiyo video. Alisimama na vipande vya mbao mezani, akakata kipande cha mninga akaonyesha rangi ya ndani, ile kahawia yenye wekundu na dhahabu kidogo, akaeleza kwamba mninga ukiukata mbichi unatoa utomvu mwekundu kama damu. Akaonyesha ule upande wa nje wa gogo wenye weupe wa njano, akasema waziwazi hapa ndo penye tatizo, moyo wa mninga unavumilia mchwa na wadudu lakini hii nyeupe ya nje inaliwa, kwahiyo ukiambiwa kitanda ni mninga na ukaona michirizi mipana ya weupe uliza. Akaweka kipande cha paina pembeni, akakipaka rangi ya mninga mbele ya kamera hadi vikafanana, halafu akavigeuza vyote viwili nyuma. Akasema usiangalie mbele ambako kila mtu anapaka, inama chini ya kitanda, angalia nyuma ya kabati, vuta droo uangalie mgongo wake, kule fundi hapakagi rangi. Akamalizia na mkongo, ambao ni mzito zaidi, na kwanini mbao ikifungwa kabla haijakauka vizuri kitanda kinaanza kupinda na kulia miezi michache baadaye.

Kuna jirani yetu fundi alikasirika akasema tunafundisha wateja ujanja. Mimi nasema acha wafundishwe. Mteja aliyejifunza kwako kutambua mninga atakuja kununua kwako, anajua wewe huogopi akigeuza kitanda. Na hata asiponunua, anaituma hiyo video kwenye grupu la familia, na kwenye grupu kuna shangazi anayeozesha mwezi ujao.

Hapa ndo nataka nizungumzie bei na nitaongea kwa uchungu kidogo. Hii tabia ya "bei njoo inbox" inatuua. Mtu ameandika neno bei kwenye kutafuta, amefungua video yako kwa sababu kichwa kimesema bei, anaangalia mwanzo hadi mwisho hakuna bei, anaondoka na hasira na anaenda kwa mwingine. Najua sababu za kuficha, mshindani ataiona, mbao zinapanda, mteja anataka kuongea chini. Lakini unaweza kusema inaanzia kiasi fulani kwa kipimo fulani cha mbao fulani, ukaongeza na vitu vinavyopandisha, droo za pembeni, nakshi, unene wa mbao, usafiri wa kwenda nje ya mji. Ukataja na mwezi na mwaka wa hiyo bei. Mteja mzima anaelewa. Anayepiga simu baada ya kusikia bei huyo amekubali nusu ya biashara kabla hujasema haloo, na wewe umepumzika na simu za watu ambao bajeti yao haifiki.

Kurekodi sitaongea sana kwa sababu simu yoyote ya kawaida ya miaka hii inatosha. Futa lenzi kwa kitambaa kisafi, karakana ina vumbi la mbao na lenzi ikiwa na vumbi video nzima inakuwa na ukungu. Simama mlangoni mwanga ukuangukie usoni, usiupe mgongo. Zimisha mashine ya randa na mwambie jirani asubiri dakika kumi, watu wanavumilia picha ya wastani lakini sauti mbaya hawavumilii, na kimaiki cha kubana kwenye kola ndo kitu cha kwanza cha kununua ukipata hela. Kwenye mipangilio ya kamera chagua ubora wa 1080, ule mkubwa wa 4K hauna haja, inakula nafasi na bando kwenye kupandisha na mteja wako anaangalia kwenye simu ndogo akiwa amebana data. Video ndefu ya YouTube laza simu, ile fupi isimamishe.

Kichwa cha habari YouTube wanakupa herufi 100 ila kwenye simu kinakatwa mapema, kwahiyo maneno ya mteja yatangulie mbele na jina la duka likae mwisho. "Jinsi ya kutambua kitanda cha mninga halisi kabla hujanunua" halafu ndo jina la karakana na Keko Dar. Mafundi wengi wanaanza na jina lao na mapambo, KARIBUNI FULANI FURNITURE THE BEST, na hakuna binadamu anayetafuta hivyo kama hakujui. Kwenye maelezo ya chini una nafasi ya herufi 5,000 lakini kinachoonekana kabla mtu hajabonyeza ni mstari wa kwanza na wa pili, hapo weka jibu kwa ufupi pamoja na linki ya WhatsApp. Linki yenyewe ni rahisi, unaandika https://wa.me/ ukafuatisha 255 na namba yako bila ile sifuri ya mwanzo na bila alama ya kujumlisha, mtu akigusa inafungua meseji moja kwa moja, hana haja ya kusevu namba. Hili peke yake limebadilisha mambo kwetu, maana namba iliyoandikwa kwenye video watu wanashindwa kuinakili.

Vile vitagi (tags), maneno ya ziada unayojaza wakati wa kupandisha video, ambavyo watu wanavipigania mpaka wanalipia programu za kuvitafuta, YouTube wenyewe wanasema mchango wake ni mdogo, vinasaidia zaidi kama neno lako watu hulikosea kuandika. Usipoteze usiku wako hapo. Bora upoteze kwenye kuigawa video vipande (chapters), ile kwenye maelezo ya chini unaandika 0:00 na jina la kipande, halafu dakika inayofuata na jina lake, vipande visipungue vitatu na kila kimoja kisipungue sekunde 10. Google inaweza kumpeleka mtu moja kwa moja kwenye kipande alichokiuliza, kwa mfano aliyeuliza tofauti ya mninga na mkongo anatua palepale. Na ile picha ya juu ya video (thumbnail), inayoonekana kabla mtu hajabonyeza, itengeneze mwenyewe, usiache YouTube wakuchagulie, unahitaji tu kuthibitisha akaunti kwa namba ya simu ndo unaruhusiwa. Weka kitu chenyewe kikubwa, maneno matatu manne, basi.

Jambo la muda wa kuangalia watu hawalielewi vizuri. Zamani YouTube walihesabu zaidi nani kabonyeza, 2012 wakabadilisha wakaanza kuupa uzito muda ambao mtu anakaa anaangalia. Maana yake kwako ni kwamba ukianza na salamu ndefu, muziki, nembo inayozunguka, karibuni sana kwenye chaneli yetu usisahau kusabskraibu, kabla hujasema kitu nusu wameondoka na mtambo umeandika kwamba hii video watu wanaikimbia. Sisi Waswahili kusalimia ni adabu na mimi siikatazi, sema "habari zenu" kisha ingia kwenye swali, "leo nakuonyesha namna ya kujua kama kitanda ni mninga", mtu ajue yuko mahali sahihi. Ndani ya YouTube Studio, sehemu ya mwenye chaneli kusimamia video zake, kuna mstari unaoonyesha wapi watu wanaondoka, uangalie kila baada ya wiki, na angalia pia ile sehemu inayoonyesha watu walitafuta maneno gani mpaka wakafika kwako. Hiyo ya pili mimi naipenda kuliko zote, ni wateja wanakunong'oneza video inayofuata iwe ya nini. Kuna na asilimia ya waliobonyeza baada ya kuiona picha yako, YouTube wanasema nusu ya chaneli na video zote ziko kati ya asilimia 2 na 10, kwahiyo ukiona 4 usianze kulia, uko na wenzako.

Video fupi za Shorts zinafaa kama mlango. Tangu Oktoba 2024 zinaruhusiwa hadi dakika tatu. Ila kumbuka tangu Agosti 2023 linki ukiiweka kwenye maelezo ya Shorts haibonyezeki, watu wanaweka namba ya wa.me pale wanasubiri meseji haziji. Kuna sehemu ya kuunganisha video nyingine, tumia hiyo kuipeleka kwenye video yako ndefu ambayo linki zake zinafanya kazi. Na muziki jamani, najua wimbo unaotamba unavuta, lakini wimbo una mwenyewe. YouTube ina mfumo unaoutambua na mwenye wimbo anaweza kuchukua mapato ya video yako au kuizuia kabisa, na TikTok akaunti za biashara zimewekewa maktaba yao ya muziki ulioruhusiwa. YouTube nao wana maktaba ya bure ndani ya Studio. Kwa fundi mimi napendekeza sauti ya kazi yenyewe, msumeno, msasa, nyundo, watu wanaipenda kuliko tunavyodhani.

Sasa ramani. Hii ningeweza kuiandikia siku nzima kwa sababu ni ya bure, ina nguvu, na mafundi wengi hawana. Mtu akiandika "fundi samani karibu na mimi" Google haianzi na video wala tovuti, inaanza na ramani na maduka matatu manne. Kuingia humo unafungua profaili ya biashara ya Google, ambayo zamani iliitwa Google My Business hadi 2021. Wenyewe wanasema wanapanga kwa mambo matatu, biashara inahusiana kiasi gani na kilichotafutwa, iko umbali gani na mtafutaji, na inajulikana kiasi gani. Umbali huwezi kuubadilisha. Hayo mengine mawili ni kazi yako.

Kuhusiana kunatokana na kundi la biashara unalochagua na maelezo unayojaza, chagua kundi linalosema kazi yako kweli, kama unatengeneza samani chagua mtengenezaji, kuna tofauti na duka la samani. Jina liwe lile lililo kwenye bango lako. Watu wanaandika jina la duka na kuongeza vitanda makabati sofa bei nafuu Dar es Salaam yote kwenye sehemu ya jina, hilo linakatazwa na profaili inaweza kufungiwa. Kuthibitisha siku hizi mara nyingi wanataka video, unarekodi bila kukata, unaonyesha mtaa na majirani, unaonyesha bango na vifaa vya kazi, unaonyesha kwamba wewe ndo mwenyewe kwa kufungua kwa funguo zako mlango au kabati. Fundi wa karakana hapa ana bahati kubwa, ushahidi wote uko mezani kwake. Anwani nayo ilikuwa mtihani zamani lakini tangu lile zoezi la Anwani za Makazi la 2022 mitaa mingi ina majina na nyumba zina namba, itumie hiyo, na kama unafanyia kazi nyumbani na wateja hawafiki kwako unaruhusiwa kuficha anwani ukaweka maeneo unayohudumia tu. Pale kwenye picha weka na video, wanakubali hadi sekunde 30, sisi tumeweka ya mtu anatembea kutoka barabara kubwa hadi mlangoni kwetu. Simu za "nimefika, mko wapi?" zimepungua sana.

Kujulikana kunatokana na vitu vingi na maoni ya wateja ni kimojawapo. Omba maoni siku mzigo unapofika, mteja akiwa amefurahi, mtumie linki yake hapohapo WhatsApp. Usimpe punguzo ili aandike, Google hawaruhusu, na usiwaandikishe ndugu, watu wanajua kusoma, maoni kumi ya siku moja yote "good service" yanatia shaka kuliko kukosa maoni. Mteja anapoandika "wamenitengenezea kabati la milango mitatu wakaleta mpaka Kigamboni" amekufanyia kazi kubwa, kataja bidhaa, kataja eneo, na kwa maneno yake. Jibu kila mmoja. Akilalamika jibu kwa adabu na ueleze ulichorekebisha, wanaosoma baadaye wanaangalia zaidi wewe ulijibuje.

Nalisisitiza la uaminifu kwa sababu huku kwetu watu wameumizwa. Kila mtu ana ndugu aliyetuma hela kwa akaunti yenye picha nzuri za makochi na akaunti ikapotea. Sasa mteja akikuta video zako, anakuona sura, anaona karakana na bango, anaenda kwenye ramani anakuta jina lilelile na namba ileile na maoni ya miaka, moyo wake unatulia. Hapo kwenye jina na namba usicheze, ziwe sawasawa kila mahali, YouTube, ramani, Instagram, Facebook, bango. Kwa ndugu zetu walio nje hili ni zito zaidi. Kuna watu wako Muscat, wako Uingereza, wako Marekani, wanajenga nyumbani na hawawezi kuja kugusa mbao, wao wanatafuta kwa video maana ndo macho yao. Tukipata oda ya namna hiyo tunamrekodia kila hatua, mbao zilivyofika, zilivyokatwa, kabla ya rangi na baada ya rangi, na kianzio kinaenda kwa awamu kufuatana na hizo video. Zile zisizo na siri, kwa ruhusa yake, tunakata vipande tunapandisha, na mwingine aliye nje akitafuta "fundi samani Dar anayetuma video" anatukuta.

Na wewe mwenye biashara utapigiwa simu na watu wa kukuuzia nafasi ya kwanza Google. Mmoja aliwahi kutufuata na mkataba kabisa, malipo ya kila mwezi, namba moja ndani ya wiki. Google wenyewe wameandika kwamba hakuna anayeweza kuhakikishia mtu nafasi ya kwanza, na matokeo ya kawaida hayalipiwi, kinacholipiwa ni tangazo na linaandikwa kuwa ni tangazo. Wauza viewers na sabskraiba ndo kabisa, YouTube wanazifuta hizo namba na chaneli inaweza kuondoka nazo. Kama una hela ya kumpa mtu, mpe kijana anayejua kuhariri video, utaona kazi yake.

Tovuti mimi sikulazimishi mwanzoni. Ukifikia hatua hiyo chukua jina la tovuti la Tanzania linaloishia na .co.tz, weka kila video kwenye ukurasa wake ikiwa ndo kitu kikuu cha ukurasa huo, kwa sababu tangu Desemba 2023 Google kwenye sehemu ya video inaonyesha kurasa ambazo video ndo shughuli yenyewe, sio video iliyofichwa chini ya maneno. Andika chini yake yale yanayosemwa kwenye video, maana kuna mtu yuko kwenye daladala hana spika za masikioni anataka kusoma. Unganisha na Search Console, chombo cha Google cha wenye tovuti, bure, uone maneno yanayowaleta watu kwako.

Cha kufanya kila mwezi bila kuchoka ni kurudi kwenye video za zamani. Mbao zikipanda badilisha bei kwenye mstari wa kwanza wa maelezo, andika mwezi mpya, bandika komenti juu kabisa inayosema bei ya sasa. Mkihama au namba ikibadilika anza na ramani siku hiyohiyo, kisha pitia maelezo ya kila video. Komenti zenye maswali zijibu kwa urefu, na swali likijirudia lipeleke kwenye kamera. Kwetu sasa hivi linaloulizwa sana ni vipimo vya ndani vya kitanda, watu wananunua godoro la 5 kwa 6 wanakuta kitanda kimepimwa kwa nje na godoro linapanda juu ya mbao, kwahiyo kaka anatengeneza fremu mbili moja imepimwa ndani nyingine nje, tunalaza godoro lilelile kwenye zote mbili, na video inapanda mapema kabla msimu wa harusi haujachanganya.